Shusha Pumzi, Ndugu

Mazungumzo ya redioni
Somo: Mwanzo 2:7 na 1 Wafalme 19:1–8

 

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analifanya wakati huu huu, wala hafikiri kwamba analifanya. Jambo lenyewe ni kuvuta pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipiga hesabu utaona kwamba ni kama mara 20,000 kwa siku moja, akiwa macho au amelala. Twaishi miaka mingi kwa kipawa hiki bila kukishukuru, mpaka siku kinapopungua.

Nasi tumelichagua somo hili kwa sababu. Katika makanisa yetu wako ndugu ambao wakishikwa na hofu, pumzi huwapungukia, moyo huwadunda, mikono huwatetemeka, na wengine huanguka. Mara nyingi huambiwa kwamba imani yao ni haba, au kwamba wana pepo. Wengine huona haya, wakakaa nyumbani, wasije ibadani tena. Hiyo ni hasara kwao na ni hasara kwa kanisa. Basi twataka kuonyesha, kwa Maandiko na kwa elimu ya madaktari, jinsi pumzi inavyouongoza mwili na ubongo, ili tujue namna ya kujisaidia na namna ya kumsaidia jirani.

Tuanze na Neno. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi. Moyo ulikuwapo, mikono ilikuwapo, ubongo ulikuwapo, lakini mtu alikuwa bado amelala kama udongo. Ndipo Mungu mwenyewe akampulizia puani pumzi ya uhai, naye akawa hai. Nabii Ezekieli katika sura ya 37 aliona mifupa mikavu ikiungana na kuvikwa nyama na ngozi, lakini haikusimama mpaka pumzi ilipoingia. Na katika Yohana 20, wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Bwana Yesu alipowajia aliwapa amani kwanza, kisha akawavuvia. Tuangalie vema: watu wenye hofu walipewa amani na pumzi.

Katika Kiebrania neno moja lina maana ya upepo, pumzi na roho. Lugha yetu ya Kiswahili nayo ina hekima yake. Twasema pumua, twasema pumzi, twasema pumzika. Mtu aliyechoka akiketi chini ya mti, twasema anapumzika, yaani pumzi yake inarudi mahali pake. Na habari njema ikifika baada ya mashaka marefu, twasema mtu ameshusha pumzi. Wazee waliotuachia maneno haya hawakusoma udaktari, lakini walitazama vizuri, kama tutakavyoona.

Sasa hebu tuifuate pumzi moja katika safari yake. Hewa ya asubuhi hapa Eldoret ni baridi. Ikipitia puani hupashwa joto na kutiwa unyevu, na vumbi hunaswa kabla halijafika ndani. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, uitwao kiwambo. Kiwambo kikishuka, mapafu hupanuka na hewa huingia. Kikilegea na kupanda, hewa hutoka. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, ambamo oksijeni huingia katika damu, na kaboni dioksaidi, ambayo ni taka ya kazi ya mwili, hutoka. Damu huipeleka oksijeni kila mahali, lakini kiungo kimoja hudai kuliko wenzake. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote ya mwili uliotulia. Ndiyo maana pumzi ikivurugika, kichwa nacho huvurugika upesi.

Sisi wakazi wa nyanda za juu twapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa meta 2,100 hivi juu ya bahari, na Iten iko juu zaidi, kama meta 2,400. Huku juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano, ukilinganisha na pumzi ya mtu wa Mombasa. Mgeni kutoka pwani akipanda kilima kwa haraka, hutweta. Lakini akikaa majuma kadhaa, figo zake huutambua upungufu huo, hutoa homoni iendayo kwenye uboho wa mifupa, na uboho huzidisha chembechembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni.

Wengi wetu twajua habari za tarehe 20 Oktoba 1968. Siku hiyo Kipchoge Keino, mwana wa Nandi, alishinda mbio za meta 1,500 katika Michezo ya Olimpiki huko Mexico City, jiji lililo kwenye mwinuko wa meta 2,240 hivi. Alitumia dakika 3 na sekunde 34.9, akamwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa na rekodi ya dunia. Ushindi ule ulikuwa na sababu nyingi, mazoezi na moyo mkuu vikiwamo. Lakini mwili wa Keino ulikuwa umeizoea hewa nyepesi tangu utotoni. Hakuna mtu aliyeziamuru figo zake wala mifupa yake. Mwili wote huisikiliza pumzi kimya kimya na kujipanga kwayo.

Hiyo ni kazi ya majuma na miaka. Iko kazi nyingine ya pumzi ambayo ni ya dakika moja tu, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi leo.

Katika shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna fungu dogo la chembe za fahamu linaloongoza mwendo wa pumzi. Wataalamu walilitambua mwaka 1991 kwa kuchunguza wanyama. Chembe hizo hazilali. Karibu nazo ziko nyingine zinazopima kaboni dioksaidi mwilini. Ikizidi, twavuta pumzi hata tusipotaka. Mtoto mwenye hasira anayemtishia mama yake kwamba atabana pumzi mpaka afe hawezi kutimiza neno lake, kwa kuwa shina la ubongo litamshinda.

Tena, mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliochunguza panya waligundua kwamba fungu hilo hutuma habari kwenye sehemu ya ubongo inayouamsha mwili na kuutia wasiwasi. Walipoziondoa chembe fulani zinazopeleka habari hizo, panya waliendelea kupumua, lakini wakawa watulivu kuliko kawaida yao. Panya si mtu, nasi hatutaki kuongeza neno. Lakini twaanza kuona njia yenyewe: hofu huibadili pumzi, na pumzi nayo hurudi kuupasha ubongo habari.

Na hapa ndipo tunapouona wema wa Muumba. Mwambie moyo wako upige polepole; hautakusikia. Liamuru tumbo lisisokote kwa hofu, halitakutii. Lakini pumzi ina wasimamizi wawili. Ni kama lango la boma lenye mlinzi. Usiku kucha mlinzi hulifungua na kulifunga mwenyewe, wala mwenye boma hana haja ya kuamka. Lakini mwenye boma akitaka, aweza kwenda kulishika lango kwa mkono wake. Vivyo hivyo pumzi huenda yenyewe tukiwa tumelala, lakini tukitaka twaweza kuiharakisha, kuipunguza au kuishusha. Kwa lango hilo twaweza kufikia hata vile viungo visivyosikia amri yetu.

Tutazame basi hofu inavyofanya kazi. Mtu akiona hatari, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi na ya haraka, tena ya juu kifuani. Hayo ni matayarisho mema kwa mtu anayekimbia chui. Lakini kama hakuna chui wa kukimbia, kama hatari ni barua ya karo, au kumbukumbu, au wazo la usiku, mtu hubaki ameketi huku akipumua kama mkimbiaji. Hapo kaboni dioksaidi hutoka kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo hujibana, na damu iendayo kichwani hupungua. Kichwa huwa chepesi, vidole na midomo hufa ganzi, kifua hubana. Mtu hudhani hewa imemwishia, huvuta pumzi kwa nguvu zaidi, na hali huzidi. Maskini, anadhani anakufa! Basi mtu wa namna hii hatendi dhambi, wala si lazima awe na pepo. Mwili wake umeamka kupigana, lakini hakuna wa kupigana naye.

Sisi wa Eldoret hatuwezi kusema juu ya hofu kama watu wanaosimulia habari za mbali. Tarehe 1 Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu waliacha nyumba zao, wakalala katika uwanja wa maonyesho na katika viwanja vya makanisa. Si ajabu kama wako majirani zetu ambao mpaka leo harufu ya moshi au kelele za umati huwakatiza pumzi. Miaka ni mingi, lakini mwili huweka kumbukumbu zake. Tusimwambie ndugu wa namna hiyo kwamba hajasamehe. Yawezekana amesamehe kwa moyo wake wote, na bado mwili wake unajifunza polepole kwamba hatari ile imepita.

Je, mwili hufundishwaje? Upo mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka katika shina la ubongo, ukapita shingoni mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mshipa huo ndio mpeleka amani wa mwili. Tukivuta pumzi ndani, moyo huenda haraka kidogo. Tukitoa pumzi, vagasi huushika moyo, nao hupunguza mwendo. Weka vidole juu ya mshipa wa mkono wako, pumua polepole, nawe huenda ukasikia tofauti hiyo mwenyewe. Basi mtu akiirefusha ile pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, huupa mwili nafasi ndefu zaidi ya kutulia.

Wazee hawakukosea waliposema kushusha pumzi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 100 waliofanya mazoezi kwa dakika 5 kila siku, muda wa mwezi mmoja. Waliofundishwa kushusha pumzi ndefu ndio walioongezeka furaha zaidi, na pumzi zao zilikuwa za polepole hata wasipokuwa mazoezini. Pua nayo ina sehemu yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walionyesha kwamba mwendo wa hewa puani hufuatana na mwendo wa zile sehemu za ubongo zinazohusika na hofu na kumbukumbu. Mtu akipumua kwa mdomo, mfuatano huo hupungua. Hatusemi kwamba Mwanzo 2:7 iliandikwa ili kufundisha sayansi. Twasema tu kwamba aliyeiumba pua alijua kazi yake.

Labda mtu atauliza, “Je, mambo haya ya kupumua si ya dini nyingine? Mkristo ayaguse kweli?” Swali hili ni jema. Ni kweli kwamba wako watu wanaotumia pumzi kuabudu wasichokijua, na huko hatuendi. Lakini pumzi si mali yao. Watu wengi hufunga wala hawamwombi Baba wa Bwana wetu, nasi hatukuacha kufunga kwa ajili hiyo. Tena, sisi Wakristo twafanya zoezi hili kila Jumapili bila kulipa jina. Mwimbaji akiimba mstari mrefu wa tenzi, huvuta pumzi upesi, kisha huitoa polepole mpaka mwisho wa mstari. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, nchini Uswidi, waliwapima vijana waliokuwa wakiimba pamoja, wakaona mapigo ya mioyo yao yakipanda na kushuka pamoja, kwa kuwa walipumua pamoja. Kwaya yenu inaposimama na kuimba polepole, si sauti peke yake inayopatana. Zaburi ya mwisho inaposihi kila chenye pumzi kimsifu Bwana, hutuambia pumzi ilitolewa kwa kazi gani.

Basi ukishikwa na wasiwasi, fanya hivi. Keti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Legeza mabega. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, ukihesabu mpaka nne, na tumbo lipande kwanza kuliko kifua. Kisha itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Usijilazimishe kujaza kifua, maana kupumua kwa nguvu ndiko kunakoleta kizunguzungu. Endelea kwa dakika tano. Ukipenda, badala ya kuhesabu, liitie jina la Bwana moyoni unapovuta, na umkabidhi shida yako unapotoa. Zoea kufanya hivyo siku za amani, ili siku ya hofu usiwe mgeni.

Na mtu akianza kutweta kwa hofu kanisani, tusimzunguke kwa makelele. Fungueni madirisha. Mmoja aketi karibu naye, aseme kwa sauti ya chini, naye mwenyewe apumue polepole ili mwenzake amfuate. Tusimfunike mdomo na pua kwa mfuko wa karatasi, kama watu walivyozoea zamani, kwa kuwa kama ugonjwa ni mwingine aweza kudhurika. Tumwombee, ndiyo, lakini kwa upole.

Tena si kila pumzi iliyovurugika ni ya hofu. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika ghafula, midomo kugeuka rangi, pumu isiyotulia kwa dawa: hayo ni ya kupelekwa hospitali mara moja. Mzazi, mtazame mtoto anayekohoa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi akiwa ametulia, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, yaweza kuwa nimonia. Usingoje kesho. Na mwenye shinikizo la damu asiache vidonge vyake kwa sababu ya mazungumzo haya. Pumzi ya polepole husaidia kidogo, lakini haishiki mahali pa dawa. Na ikiwa hofu yakurudia mara kwa mara, ukakosa usingizi na kazi ikakushinda, mwone daktari, kama vile ungemwona kwa mguu uliovunjika. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Mwisho, tumtazame Eliya. Alikuwa nabii mkuu, aliyeomba moto ukashuka. Lakini Yezebeli alipomtishia, aliogopa, akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti akatamani kufa. Mungu alimtendeaje? Hakumkemea kwanza. Alimwacha alale. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili kula, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa. Baada ya hayo ndipo alipofika Horebu, akaisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Mungu aliuhudumia mwili wa mtumishi wake kabla ya kumpa neno. Je, sisi ni nani hata tuanze na kukemea mahali Mungu alipoanza na usingizi na mkate?

Kama wewe unayetusikiliza ni mmoja wa hao wanaoogopa, rudi ibadani. Hukukataliwa. Na kama wewe ni mwenye nguvu, mtafute yule ambaye kiti chake kimekuwa kitupu majuma haya, ukaketi naye.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyetupa pumzi, twakushukuru kwa ile tuliyoivuta sasa. Watulize walioshikwa na hofu usiku huu. Uwaponye wenye kumbukumbu za moto na kukimbia. Uwape hekima madaktari na wauguzi wetu, na uyape makanisa yetu upole. Na siku pumzi yetu itakapokoma, utupokee katika pumziko lako. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.